Kwelea Walivyotua

Kwanza niseme wazi: mimi ni mtu wa wasiwasi. Pikipiki ikisimama nje ya uzio wetu, kabla sijajua ni nani nimeshaamua kuna msiba. Simu ikiita mara moja ikakatika, nawapigia ndugu wote mmojammoja. Mama yangu husema roho yangu nimeibeba mkononi tangu nizaliwe, na kwamba siku moja nitajikwaa niiangushe. Yeye husema hivyo akicheka. Mimi sicheki.

Kwa hiyo mtu kama mimi hakuwa na sababu ya kufungua mdomo siku ile kule Ulemo. Walikuwa wamekuja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, wanapiga picha kwenye shamba la mtama, nami nilikwenda kuwaangalia kwa kuwa kazi yangu inagusana na yao. Mwongozaji wao, kijana mpole mwenye kofia, alikuwa akieleza shida yake. Hadithi yake ilihitaji sekunde kumi za kundi la kwelea likishuka shambani na kulimaliza. Shamba alikuwa amelipata. Dungu la kukaa mtu anayeamia ndege lilikuwepo, tena tupu kama alivyolitaka, maana kwenye hadithi wenye shamba wote wako msibani. Ndege ndio hakuwa nao. Alisema atatafuta watu wa nje wamtengenezee kwa kompyuta.

Nikaisikia sauti yangu ikisema, "Kaka, hiyo kazi nipe mimi. Kwelea nawajua."

Nikamwonyesha kwenye simu vitu nilivyowahi kutengeneza: moshi, vumbi la ng'ombe, nyumba inayoungua bila kuungua. Akavitazama mara mbili. Akanipa picha za shamba lake, akanipa na siku: Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, kwa sababu mchana huohuo filamu yake ilikuwa inafungwa. "Dada, usiniangushe," akasema. Nikarudi Kinampanda na furaha iliyodumu kama nusu saa hivi.

Nyumbani nina chumba cha uani chenye kompyuta saba. Zilikuwa za duka la intaneti la Singida mjini lililofungwa, na mwenyewe alikuwa akizitafutia mahali pa kuzitupa. Mfumo uliokuwa ndani ulidai leseni, ulidai nguvu ambazo mashine hazikuwa nazo, ukiwasha unakwenda kuchota maji unarudi bado haujaamka. Nikaufuta wote. Nikaweka Linux, mfumo huria, ambao hauuzwi wala hauombi ruhusa ya mtu, na ukitaka kuufungua uone ndani kulivyo, unafungua tu. Hata wenye majumba makubwa ya filamu huko duniani wanafanyia kazi juu ya huohuo. Mashine zikafufuka. Sita hazina hata kioo. Zimepangwa kwenye ubao kando ya ukuta, zimeunganishwa kwa nyaya, na mimi nazituma kutoka kwenye hii ya saba. Majirani wakisikia ni vya bure wanaguna, eti kitu cha bure lazima kina kasoro. Kasoro yake ni moja: kikiharibika hakuna wa kumpigia simu. Unasoma mwenyewe maneno ya kosa, unatafuta mwenyewe, unalia mwenyewe.

Kazi ya zile sita ni kurenda. Yaani mimi nikishapanga ndege na kuwaambia waruke vipi, kompyuta inakaa na picha moja tu, inahesabu mwanga umeanguka wapi, kivuli kimekwenda wapi, unyoya upi umefunika upi, mpaka inatoa picha iliyokamilika. Halafu inaanza nyingine. Sekunde moja ya filamu ni picha ishirini na nne. Sekunde kumi ni mia mbili na arobaini. Kila picha iliichukua mashine moja dakika arobaini, na mashine sita kwa pamoja zilitoa picha tisa kwa saa. Jioni umeme wa kwetu unakuwa dhaifu, kwa hiyo nilikuwa nazizima jua likizama na kuziwasha kukicha. Niliipiga hesabu hiyo mara kumi kwa siku, na kila mara ilitosha kwa shida.

Sasa, mama yangu anafuga kuku. Mwezi wa sita kwetu upepo unakuja na baridi ya kupasua midomo, na vifaranga hufa. Siku moja aliingia chumbani kwangu kuniletea chai, akapitisha mkono nyuma ya zile kompyuta, akasimama.

"Kumbe huku nyuma zinatoa joto?"

"Zinatoa, mama. Ndiyo kazi zenyewe zinavyofanyika."

Kesho yake nilikuta boksi la katoni nyuma ya mashine, na ndani yake vifaranga thelathini na wawili wamejilaza kwa raha zao. Jamani! Nikasema, mama, hizi ni mashine, si kuku wa kuatamia. Akasema, "Joto lilikuwa linapotea bure." Siku ya tatu mashine ya nne ikazimika yenyewe kwa kuzidiwa na joto. Nikaifungua nikakuta panga boi lake la kupoozea limejaa manyoya laini ya vifaranga, yamesokotana kama pamba. Nilitaka kupiga kelele, lakini mama yako utampigia kelele vipi? Nikaisafisha kwa brashi ya rangi nikinung'unika, naye akakata kipande cha chandarua kikuukuu akafunika boksi. Vifaranga wakabaki. Naye akabaki nao, maana kifaranga ni wa kuangaliwa kila wakati. Akaleta kigoda chake na ungo wa kuchambulia mboga, akahamia.

Ndipo wasiwasi wangu hasa ulipoanzia. Ijumaa nilikuwa naiogopa, sikatai. Lakini mama kukaa chumba kimoja na ile picha, macho yake hatua tatu kutoka kwenye kioo changu, hilo ndilo lililokuwa likinikausha mate.

Nilikuwa na miaka kumi. Shamba letu la mtama lilikuwa limekubali mwaka ule, masuke yameinama kwa uzito, imebaki wiki moja tu kuvunwa. Watoto wote wa kwetu tulikuwa tukishinda juu ya dungu na debe na kombeo, tukiwafukuza kwelea. Siku hiyo mama alikuwa msibani kijiji cha jirani, na baba alikwenda Kiomboi kuonana na watu fulani. Niliachwa peke yangu. Ilikuwa siku ya mnada, na kwenye mnada kulikuwa kumekuja mtu mwenye jenereta na televisheni, amezungushia magunia akawa anaonyesha video. Wenzangu walipita chini ya dungu wakanieleza kuna mtu ndani ya picha anaruka kutoka ghorofani na hafi. Nikajiambia nakwenda dakika kumi. Nikashuka.

Nilikaa mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Niliporudi shamba lilikuwa kimya. Mabua yamesimama vilevile, lakini masuke yamebaki makapi matupu, na chini kumetapakaa manyoya na vinyesi. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilipanda dungu, nikaanza kupiga mayowe kwa nguvu zangu zote, hakuna ndege hata mmoja, ninapigia mayowe shamba tupu, mpaka sauti ikakauka. Nilitaka mama akirudi anikute sina sauti. Alipofika nikamweleza kwa sauti ya kukwaruza: "Walianguka wote kwa pamoja, mama. Kutoka juu, kama shuka. Nimepiga debe, nimepiga kelele, hawakusikia." Akanitazama. Akasema, "Pole, mwanangu," akanipa maji.

Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku. Baba akaondoka kwenda Rungwa kulina asali, akasema ni msimu mmoja. Hakurudi. Hakufa, yupo mpaka leo, ana mji mwingine hukohuko na watoto wengine. Na mimi nimekua nikijua kwamba baba yangu aliondoka kwa sababu ya video.

Nimeishi na jambo hilo zaidi ya miaka ishirini, na uongo wangu nimeusimulia mara nyingi mno. Niliuandikia insha darasa la sita nikapigiwa makofi. Nilimsimulia hata yule mwongozaji kule Ulemo, na nadhani ndicho kilichomfanya anipe kazi. Na kuna ubaya zaidi: mkate wangu naupata kwenye hizohizo picha. Mama akijua kwamba shamba lake na mume wake vilikwenda kwa sababu binti yake alikwenda kuangalia video, na kwamba binti huyohuyo sasa anatengeneza video, mimi nitakula naye vipi sahani moja? Hicho tu ndicho nilichokuwa nikikiogopa duniani.

Mpaka Jumatano asubuhi nilikuwa na picha mia moja na sabini. Nikamwamkia mama, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba. Hawa watoto wameamkaje?" Anawaulizia vifaranga, si mimi. Akaketi na ungo wake. Mimi nikaunganisha zile picha zilizokwisha ili nizione zikitembea, na kioo nilikuwa nimekigeuzia upande wangu, lakini kipanga alipita nje, kuku wakapiga kelele, nikainuka kuchungulia mlangoni. Niliporudi mama alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, anatazama.

Picha ilikuwa nzuri, acha nijisifu. Wingu la ndege linatokea nyuma ya kilima, linapinda, linakuwa jeusi, linafika juu ya shamba. Halafu linashuka lote kwa mara moja, laini, linafunika mtama wote pamoja na lile dungu tupu.

"Hawa ni ndege gani?" mama akauliza.

"Kwelea."

"Irudishe."

Nikairudisha. Akaitazama tena na tena, mara tatu. Nje kuku walikuwa wametulia.

"Kwelea hawatui hivi," akasema.

Nikacheka kicheko kile cha mtu aliyebanwa. Nikamwambia mama, hii ni filamu, mwenye kazi anatoka Dar, hajawahi kumwona kwelea maishani mwake, hatajua. Nikamwambia na hesabu zangu: zimebaki picha sabini tu, leo jioni nimemaliza, nikianza upya sifiki Ijumaa.

"Yeye hatajua," mama akasema. "Na wewe?"

"Mama, mimi nina haraka."

"Njoo huku."

Akafunua chandarua. Akachota chenga za mahindi kwenye kiganja, akazinyunyiza kwa mstari mrefu sakafuni, akawamwaga vifaranga upande mmoja wa mstari. Wakaanza kula. Wale wa mbele wakainamia chakula, wale wa nyuma wakakuta patupu, wakawarukia wenzao migongoni wakatua mbele yao. Kidogo tu, hao waliorukwa nao wakawa wa nyuma, wakaruka. Kundi lote likawa linasogea sakafuni kwa kubingirika, hakuna aliyekaa mahali pamoja.

"Kwelea ndivyo wanavyotua," mama akasema. "Wanaanzia pembeni mwa shamba. Wa nyuma anampita wa mbele, wa nyuma anampita wa mbele, mpaka wanatokea upande wa pili. Ukiwa umesimama unawaona wanakuja kama moto wa nyika. Hawaanguki kutoka juu. Wataangukaje wote kwa pamoja, si wataumizana?"

Nilikuwa nimechuchumaa naangalia vifaranga. Nilijua nimeshakwisha, ila mwili ulikuwa bado haujakubali. Sisi watoto wa dungu tuliwaona kwelea wakija, tukawafukuza. Kwelea wakitua mwanzo mpaka mwisho, anayeona ni yule tu ambaye hana tena la kufanya. Mimi sikuwahi kuwaona wakitua. Nilichokiweka kwenye kompyuta kilikuwa kile nilichokibuni nikiwa na miaka kumi, nikakisimulia mpaka nikaanza kukiona kwa macho.

"Siku ile uliniambia hivyohivyo," mama akasema. "Kama shuka."

Nikamzuia kifaranga aliyekuwa anakimbilia mlangoni.

"Nikajua hukuwepo."

Nikasema, "Mama." Basi.

"Nilikasirika sana," akasema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka, anaokota vifaranga mmojammoja anawarudisha kwenye boksi. "Mwaka mzima ule nilikuwa nakutazama ukila, nakasirika. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Badala ya kusema ukawa unasimulia, kila mwaka unaongeza chumvi. Mara walifunika jua, mara walikupiga mabawa usoni. Nikasema, basi, mwache. Ataisimulia mpaka ichoke."

"Baba aliondoka kwa sababu yangu."

Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. "Siku ile baba yako alikwenda Kiomboi kuonana na nani?"

"Sijui. Watu fulani."

"Watu wa Rungwa. Waliokuwa wanatafuta walina asali. Alipotoka hapa asubuhi, mtama ulikuwa bado haujaguswa."

Nilitaka kumuuliza, kwa hiyo angeondoka tu? Hata kama tungevuna? Nadhani aliuona mdomo wangu unavyofunguka.

"Usiniulize nisichokijua," akasema. "Pengine angekwenda, pengine angeona magunia yake ya mtama akaahirisha. Hilo muulize mwenyewe. Wewe sasa tengeneza ndege. Mengine tutaongea ukimaliza."

Mengine! Yaani alikuwa bado hajaniuliza nilikuwa wapi. Labda alidhani nililala. Labda alidhani nilishuka kutafuta matunda ya porini kama watoto wengine. Na amesema tutaongea nikimaliza. Sasa fikiria mtu wa wasiwasi kama mimi kupewa ahadi ya namna hiyo, halafu aambiwe afanye kazi kwa haraka.

Nikafuta. Ukifuta kazi kwenye mfumo ule kwa amri, haukuulizi mara mbili kama una uhakika. Unaandika mstari mmoja na vimekwenda. Picha tisini za mwanzo, ambazo ndege bado wako angani, niliziacha. Nyingine zote nikaziondoa. Nikafungua kanuni za wale ndege wangu. Kila ndege anaongozwa na mistari michache tu: usimgonge mwenzako, fuata kundi, tafuta suke. Nikaongeza: ukikuta suke limeliwa, inuka, wapite walio mbele yako, utue mbele yao. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yangu, na kila nikijaribisha anatoa hukumu. "Wamekwenda juu mno. Kwelea haruki juu hivyo, ana njaa huyo." Nikawashusha. "Huyo wa pembeni amesimama anashangaa nini?" Nikamtafuta huyo wa pembeni, kati ya ndege elfu kadhaa, na kweli alikuwa amesimama anashangaa. Saa nane mchana akasema, "Eeh. Hapo." Nikazituma mashine zote sita.

Picha mia na hamsini, tisa kwa saa. Sina haja ya kusema nilipiga hesabu hiyo mara ngapi.

Alhamisi umeme ukakatika saa tano asubuhi. Nilikaa mbele ya mashine zilizozimika kama niliyefiwa, nikisikiliza vifaranga wakianza kulia kwa baridi. Mama akaja na chupa ya maji ya moto, akaizungushia kitenge, akaiweka katikati ya boksi. Kwangu akaleta uji. Hakusema chochote kuhusu shamba, wala mimi sikusema, lakini kila alipovuta pumzi nilidhani sasa ndiyo anauliza. Umeme ukarudi saa saba. Nilikuwa nimeziandikia mashine maagizo kwamba picha iliyokwisha ziiruke, isiyokuwepo ziitengeneze, kwa hiyo zilipoamka zilianza palepale zilipoishia bila kuniuliza. Niliishika ile ya kwanza ubavuni kama unavyomshika ng'ombe.

Ijumaa kulipokucha zilikuwa zimebaki picha thelathini, na mashine ya nne ikakataa kuwaka. Nikaifungua, safi kabisa, hakuna unyoya hata mmoja. Imekufa tu. Zikabaki tano. Nikamwandikia mwongozaji kwamba tuko vizuri, nikafuta, nikaandika tena, mara tatu. Nilikuwa nimeshaanza kumtumia zilizokwisha kwa mtandao wa simu, simu yenyewe nimeifunga juu ya mti wa kuanikia nguo ambako ndiko inakoshika vizuri. Saa nne picha ya mwisho ikatoka. Nikazipitia zote, moja baada ya moja, na ya mia mbili na moja ilikuwa nyeusi tii. Weee! Nikaituma upya, na dakika arobaini zile nilizikaa nimesimama. Ikatoka nzuri. Saa tano na nusu picha zote zilikuwa zimefika Dar.

Jibu lilikuja baada ya muda kidogo. "Dada, umewaona wapi hawa? Wanatisha. Zipo sehemu nyingine nne za namna hii, unazitaka?"

Nikamsomea mama. Alikuwa amekaa palepale. Akasema, "Hebu niione yote sasa."

Nikamwekea. Wingu likatokea nyuma ya kilima, likapinda. Likashukia pembeni mwa shamba, likaanza kuja, wa nyuma akimpita wa mbele, wa nyuma akimpita wa mbele, na mtama ukawa unabadilika rangi nyuma yao. Nilisikia mkono wa mama ukigonga ungo. Kwanza polepole, halafu kwa nguvu, kama unavyogonga debe. Sidhani alijua kwamba anagonga. Ndege wakafika kwenye lile dungu tupu, wakalipita, picha ikaisha.

Mkono wake ukanyamaza.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku mbili. Nilikuwa nimetengeneza majibu matatu, yote mazuri, na moja lilikuwa na usingizi ndani yake ambalo angeliamini. Nikaangalia mikono yake juu ya ungo.

"Kwenye mnada," nikasema. "Kulikuwa na video. Nilikwenda kuangalia video, mama. Nikasema dakika kumi, nikakaa mpaka mafuta ya jenereta yakaisha."

Nyuma ya mashine vifaranga walikuwa wanasukumana kutafuta penye joto. Niliona taya lake likikaza, nikajua sasa hasira ile ya mwaka mzima inakuja, nami nikasema moyoni, ije tu, ni yangu.

"Ilikuwa nzuri?" akauliza.

Sikuelewa. "Nini, mama?"

"Hiyo video. Ilikuwa nzuri?"

Machozi yakanitoka hapohapo, mtu mzima mimi. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia ilikuwa nzuri sana, kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukiona.

"Afadhali," mama akasema, akainuka kwenda kuwafunika vifaranga wake.